Bastola Tatu za Mjomba Elia

Harufu ilinifikia kabla sanduku halijafunguliwa. Mafuta ya alizeti yaliyokaa miaka hayanuki tena kama mafuta. Yananuka kama rangi ya mlango iliyokauka, na chini yake kuna ukali fulani unaobaki kooni. Nilikuwa dukani kwangu, hapa Chang'ombe ya Dodoma, napima sukari, mkono ukasimama hewani na kikombe kimejaa. Mteja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nikamaliza kupima.

Aliyeleta sanduku ni Yona, mtoto wa mjomba wangu Elia. Mjomba tulikuwa tumemzika wiki mbili nyuma. Yona aliliweka juu ya kaunta, sanduku la bati kama yale ya wanafunzi wa bweni, akavuta stuli, akakaa upande wangu wa kulia. Niseme mapema ili tusichoshane: jicho langu la kulia halioni, na halijaona tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Watu wanaonipenda hukaa kushoto. Yona amekaa kulia kwangu maisha yake yote, misibani, harusini, kanisani, na kwa muda mrefu nilidhani ni mambo ya viti tu.

"Mama Neema, hizi marehemu alisema upewe wewe," akasema. "Alisema wewe ndiye uliyekuwa unazijua."

Ni kweli nilizijua. Sikusoma mbali, niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Lakini mtu akitaka kujua kati ya bastola za upepo za kulengea shabaha ipi ni ya kuaminiwa na ipi si ya kuaminiwa, aje aniulize mimi.

Kwetu ni Haneti. Baba alifariki mapema, mama akabaki na sisi watoto na shamba la uwele ambalo mwaka ule halikutoa kitu. Mjomba Elia akaja amevaa viatu vya ngozi vyenye vumbi la safari, akasema ananichukua nikasome Kibaigwa. Kwetu mjomba akisema, amesema. Mama alinifungia nguo zangu ndani ya kanga moja, akaniambia nimtii mjomba kama ninavyomtii yeye. Nikamtii.

Mjomba hakuwa mkulima wala dalali wa mahindi. Nyuma ya maegesho ya malori, pale madereva wanaposubiri zamu ya kupakia, alikuwa na kibanda cha shabaha. Turubai, meza ya mbao, na hatua kumi mbele yake ubao mrefu uliosimamishiwa magunzi ya mahindi yaliyopakwa chokaa. Nyuma ya magunzi kulikuwa na magunia ya mchanga. Unalipa, unapewa bastola na vichembe vitano vya risasi, ukiangusha magunzi yote matano una zawadi yako. Dereva anayesubiri mahindi ana siku nzima ya kupoteza, na hapendi kuonekana hajui kulenga.

Siku moja baada ya shule nilijaribu kwa kuchezacheza tu, nikaangusha manne. Mjomba akasimamisha mengine. Nikaangusha matano. Tangu siku ile sikwenda shule siku za soko kubwa. Alikuwa ananisimamisha juu ya kreti la soda, mkono wake begani mwangu, anawaambia madereva kwamba huyu ametoka Haneti juzi, hata lami ameiona mwaka huu, nani anataka kushindana naye. Wanacheka. Nikishaangusha, wenzao wanaanza kuwachoma, wanaambiana wamepigwa na mtoto wa mlenda, ile mboga ya kwetu, na mtu aliyeambiwa hivyo haondoki pale mpaka jioni. Ule mkono begani nilidhani ni mapenzi. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amenishika bega kwa muda mrefu vile. Nilikuwa nalenga vizuri ili usiondoke.

Bastola zilikuwa tatu, na mjomba alisema alizinunua kwa mzungu wa ujenzi wa barabara aliyekuwa anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Kila moja ilikuwa na namna yake.

Ya kwanza ya springi. Nzito, nyeusi, mpini umepasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Unaukunja mtutu chini kama unavunja muwa, springi inalia ndani, unaweka kichembe kwenye tundu, unaurudisha. Ukivuta triga inaruka mara mbili, nyuma kisha mbele, ndiyo maana wanaume wenye mikono ya usukani walikosa nayo. Walikuwa wanaibana. Mimi niliishika kama mtu anavyoshika kifaranga, nikaiacha iruke itakavyo. Baridi, joto, vumbi, yenyewe ilipiga vilevile. Na ukitaka kujua kama ina risasi unaikunja, unatazama tundu, basi.

Ya pili ya gesi, na hii ndiyo iliyogombewa, maana ilifanana na zile za kwenye video. Unaingiza kichupa kidogo cha chuma ndani ya mpini, unakaza skrubu, inashusha pumzi moja fupi, tayari. Haitaki nguvu. Vichembe vya mwanzo vinakwenda vizuri sana, halafu bila kukuambia vinaanza kushuka, na mtu anazidi kulenga palepale akidhani ni mkono wake uliochoka. Mjomba alilijua hilo. Wateja wa mwisho wa kila kichupa ndio aliowachangamkia zaidi. Miezi ya baridi, upepo wa asubuhi unapokata masikio, bastola ile ilikuwa inatema kichembe kikaanguka hata hakijafika kwenye ubao. Mimi nilidhani ndani ya kile kichupa kuna mdudu anayepuliza, na kwamba mdudu anaona baridi. Nikawa naiweka kwapani, ndani ya sweta, kabla watu hawajaja. Ikapona. Mjomba akaniuliza nimeifanya nini, nikamjibu nimempasha mdudu moto, akacheka mpaka akakaa chini. Miaka mingi baadaye fundi wa majokofu hapa mtaani ndiye aliyenieleza kwamba gesi ya namna ile ikipoa inakosa nguvu. Basi sikuwa mjinga kiasi kile.

Ya tatu ya pampu. Ina mkono chini ya mtutu, unaufungua na kuufunga, kila safari mgumu zaidi. Yona ndiye aliyekuwa ananipigia pampu, alikuwa na miaka kumi na mitatu na mikono tayari ya kiume. Hairuki hata kidogo. Ukiipiga pampu tano leo na tano kesho, kichembe kinakwenda palepale. Kwa kulenga hakuna iliyoifikia, na sitaficha, niliipenda kuliko zote. Ubaya wake ni mmoja. Ikishajazwa upepo inaushikilia kimya, na kwa nje haina alama. Unaweza kuiacha mezani ukaenda kula ugali ukarudi, upepo bado umo.

Sasa yale mafuta. Nyuma ya kibanda kulikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na mjomba alikuwa na rafiki pale, anakinga mafuta kwenye kopo bila kulipa. Akayatumia kwa kila kitu. Kukaangia, kupaka miguu, kulainishia bawaba za mlango, na kwenye bastola zote tatu. Ile ya springi ikishatiwa alizeti ilikuwa inatoa moshi na mlio mkubwa, paa, kama ya askari, na mlio uliita watu. Mjomba akafurahi, akaongeza. Hakujua kwamba ule moshi ni mafuta yanaungua ndani, na yanaunguza washa ya ngozi inayobana upepo. Mimi nilifikiri bastola imekua, kwamba nayo ilikuwa mtoto na sasa sauti yake imekuwa nzito.

Aliyejua alikuwa fundi Sadiki, mtengeneza majiko ya mafuta ya taa na baiskeli, mzee mmoja mkimya aliyefanya kazi mkabala na kibanda. Mjomba alimpelekea ile ya pampu ikaguliwe kwa sababu triga ilikuwa inanata. Mimi na Yona tulienda naye. Fundi aliifungua, akaparuza kitu cha kahawia kwa ncha ya bisibisi, akanusa. Akamwambia mjomba chuma cha namna hii kinataka mafuta ya cherehani, matone mawili, na si mafuta ya kula. Mjomba akasema mafuta ni mafuta. Hapo fundi Sadiki akaweka bisibisi chini, akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja:

"Elia, haya yanageuka gundi. Siku moja utavuta triga isitoke, halafu itatoka inapotaka yenyewe."

Mjomba akacheka, akasema fundi anataka kuuza mafuta ya cherehani. Yona alikuwepo. Alikuwa ameshika kopo.

Na ikawa kama fundi alivyosema. Mara mbili ndani ya mwezi ule nilivuta triga pasitokee kitu, nikaishusha, ikafyatuka yenyewe kwenye mchanga. Mara zote mbili nilimwambia mjomba. Alisema navuta kilegevu kama mtu mwenye njaa, na jioni ile akaniongezea ugali.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko kubwa, mchana, malori yamejaa mpaka barabarani. Ya springi ilikuwa imekwisha kufa, washa imeungua. Ya gesi haikuwa na kichupa, tulikuwa tunasubiri dereva mmoja alete vichupa kutoka Dar. Imebaki ya pampu. Dalali mmoja na dereva wake wakabishana kuhusu mimi, na watu wakakusanyika. Mjomba alivaa uso wake wa siku kubwa. Nikaangusha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano nikavuta triga, kimya. Watu wakaguna, halafu wakaanza kucheka. Mmoja akasema mtoto wa mlenda ameishiwa mlenda.

Nikafanya nilivyojifunza zile mara mbili. Nikailaza mezani, mtutu umeelekea kwenye ubao, nikaondoa mkono. Nikamwambia mjomba imelala, bado ina upepo. Nilimwambia. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na kaunta hii.

Mjomba aliona aibu, watu wanamtazama. Akainyakua, akaigeuza ubavu mbele ya kifua chake, akaipiga kofi. Ndivyo alivyofanya kwa redio ikikwaruza, kwa tochi ikikataa, kwa taa ya kandili. Kila kitu cha nyumba ile kilipigwa kofi kikafanya kazi. Akapiga la pili.

Nilidhani nimerushiwa punje ya hindi. Ndivyo nilivyohisi, punje imara, na nikakasirika kidogo na yule aliyerusha. Sikusikia maumivu. Nilichoona ni kwamba nusu ya ubao imeondoka pamoja na magunzi yake. Nikamtazama Yona ili nimuulize imekwenda wapi. Alikuwa ameweka mikono kichwani.

Kwenye zahanati mganga aliuliza imekuwaje. Mjomba akajibu kabla yangu, kwa upole kabisa, kwamba mtoto alikuwa anachungulia ndani ya mtutu, watoto bwana, ukigeuka tu. Mganga akanisema kidogo huku ananifunga. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilifikiri mjomba amekosea tu, haraka imemchanganya, atakumbuka baadaye.

Mama alifika siku ya tatu kutoka Haneti. Mjomba akamsimulia vilevile, sasa hadithi ikiwa ndefu zaidi, yumo mpaka yeye akinikataza mara tatu. Nikasema sikuchungulia. Mama akanitazama, akamtazama kaka yake. Mjomba akamwita Yona kutoka uani. "Wewe si ulimwona?" akamuuliza. Yona akatazama miguu yake. "Nilimwona," akasema. "Alichungulia."

Mama akaniambia nipige magoti nimwombe mjomba msamaha kwa kumsumbua na kumtia hasara. Nilipiga magoti, kitambaa kimefungwa usoni. Nikasema, "Nisamehe, mjomba." Akaweka mkono begani mwangu, palepale pa siku zote.

"Yameisha," akasema.

Nilirudishwa Haneti. Shule sikurudi, nikawa wa mbuzi. Na hili ndilo linalonikera kuliko jicho lenyewe: baada ya mwaka mmoja au miwili nikaanza kukumbuka nikichungulia. Nililiona kabisa lile tundu, duara jeusi, na jicho langu likisogea. Mtu akisimuliwa jambo lake mara nyingi anakuja kuliona. Nilipokwenda tena Kibaigwa kumsalimia shangazi, mke wa mjomba, nilimkuta Yona ana baiskeli mpya nyekundu, wakasema amefanya vizuri kwenye mitihani, nami nikampongeza. Akanipakiza nyuma akanizungusha soko zima. Nilifurahi sana siku ile.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilipokutana na fundi Sadiki hapa Dodoma, mzee sana. Hakunikumbuka kwa sura, alinikumbuka kwa jicho. Akaniuliza kama mjomba wangu alikoma kupiga vitu makofi. Aliiona yote kutoka kwenye kibanda chake. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilikaa chini ukingoni mwa mfereji, na lile tundu jeusi nililokuwa nalikumbuka likaondoka siku hiyohiyo, halijarudi. Nikasema nitamwambia mama, kisha nikakumbuka. Mama alikuwa amefariki tangu mwaka uliotangulia, akiamini nilijitakia.

Kwenye mazishi ya mjomba ni Yona aliyesoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akafanya biashara, akalea watoto wa ndugu zake, "akiwemo mmoja aliyepata ajali kwa utundu wa utotoni, ambaye marehemu hakumlaumu hata siku moja." Waombolezaji waligeuza vichwa kunitafuta. Waliokuwa kulia kwangu sikuwaona, lakini viti vya plastiki vina mlio wake mtu akigeuka. Mtu hasimami kubisha kwenye msiba wa watu.

Basi sanduku likawa juu ya kaunta. Nikalifungua. Zilikuwa zimevingirishwa gunia. Ya gesi nyepesi kama kitu cha kuchezea. Ya springi niliikunja, ikakunjika, na springi ikalia vilevile. Nikatazama tundu, halina kitu, nikairudisha. Ya pampu nikaielekeza ukutani, nikavuta triga. Haikusogea. Nikaparuza kwa ukucha, ikatoka gundi ya kahawia, ngumu, nikainusa. Nikaiweka mbele ya Yona.

"Hamia upande huu," nikamwambia.

Alisita. Akabeba stuli akazunguka kaunta, akakaa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona vizuri tangu azeeke. Ana uso wa baba yake, mwembamba zaidi.

"Nilichungulia?"

Akashika mpini wa ile bastola, akauachia. Nje mtu aliita kuagiza sabuni, nikamwambia asubiri.

"Ile baiskeli," Yona akasema. "Sikuwa hata nimefaulu, Mama Neema."

Hakuendelea, na mimi sikumsaidia. Baadaye akaniomba tuliache kati yetu, marehemu amepumzika, shangazi yangu ana presha. Nikamwambia siku ya kuweka msalaba kaburini watakuja watu walewale na atasoma wasifu uleule. Ausahihishe. Nilichotaka ni sentensi moja tu. Alisema ataangalia. Alipoondoka alisahau kuniaga, akarudi kutoka barabarani kuniaga.

Siku ya msalaba nilikwenda. Nilikaa mbele. Yona alifungua karatasi yake, akasoma kwamba alizaliwa, akabatizwa, akafanya biashara, akalea watoto wa ndugu zake. Akavuta pumzi. Akaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa na kifo. Ile sentensi ameitoa. Nyingine hakuweka. Baada ya sala akaja kuniletea sahani ya wali, akakaa kulia kwangu.

Kwa hiyo naiweka mimi, kwa maneno yaleyale niliyotaka yasomwe. Elia Mazoya alionywa na fundi mbele ya mwanawe na mbele yangu. Mimi niliilaza mezani nikamwambia ina upepo. Aliipiga kofi, mara mbili, na Yona aliona. Sikuchungulia.